Hedifoni Tatu na Viganja vya Mama Yusta

Wewe uliyechomeka hedifoni masikioni, toa upande mmoja unisikilize. Upande mmoja tu. Huo mwingine uache uendelee na mdundo wako, maana nikikuambia utoe pande zote mbili utaona bibi ameanza ukali, na mimi sijaja kwa ukali.

Nilikuwa fundi sauti katika redio ndogo ya mjini Kasulu mpaka nilipostaafu. Kabla ya hapo nilikuwa msichana wa Muyama aliyeletwa mjini kujifunza cherehani, akaishia kuunga nyaya. Watu huniita Mama Felista. Siku hizi vijana hunifuata na simu mkononi, wananionyesha picha za hedifoni ndogo za kuchomeka sikioni, zile za hali ya juu, wanauliza, "Mama, kati ya hizi na hizi, zipi kali?" Bei za vitu hivyo nilipomtajia dada yangu aliuliza kama vinakuja na ndama.

Nitawajibu. Ila "zipi kali" ni swali la mtu anayenunua panga. Hedifoni zikishafika kiwango fulani cha ubora, zote ni nzuri, kama watu wazuri walivyo wengi, na bado huwezi kumtuma kila mmoja kazi ileile. Kila moja ina tabia yake. Kuzijua tabia hizo kunafundishika, na mimi nitawafundisha kwa njia ya kosa langu mwenyewe, kosa ambalo nusura limpotezee mwanamke mmoja mama yake mara ya pili.

Lakini kwanza niwape mwalimu wangu.

Mzee Rajabu alikuwa na duka la redio na betri karibu na soko la Kasulu. Kwao ni Pangani. Alikuja huku kufanya biashara kwa miaka miwili, akaoa, akazeeka hapahapa, lakini Kiswahili chake hakikuacha pwani hata siku moja. Sisi Waha tulikuwa tunaingia dukani kwake kununua betri ili tumsikie tu akiongea. Alinifundisha kutengeneza redio, na kila redio au spika iliyopita mikononi mwake aliijaribu kwa kaseti moja tu. Hakuwa na nyingine ya kazi hiyo. Ilikuwa kaseti ya salamu, aliyotumiwa na mama yake kutoka Pangani enzi ambazo watu walitumiana sauti kwa basi na treni badala ya barua. Ukibonyeza, bibi mmoja anakohoa, kisha anasema, "Rajabu mwanangu, umekula?"

Wateja waliokaa pale kwenye benchi walikuwa wanaitika kwa pamoja, "Kala, bibi!"

Siku moja nilimuuliza kwa nini hatumii muziki kama mafundi wengine. Alikuwa ameshika bisibisi mdomoni, akaitoa.

"Muziki, mwanangu, unakuja umejipamba," akasema. "Umetiwa wanja, umetiwa hina. Utajuaje kama uzuri ni wa spika au wa wanja? Lakini mama yangu namjua. Spika ikimnenepesha, najua. Ikimkondesha, najua. Ikimpa mafua asiyokuwa nayo, najua."

Hilo ndilo somo la kwanza, na sijalipata lingine kubwa kuliko hilo. Ukitaka kulinganisha hedifoni, usianze na wimbo unaoupenda. Anza na sauti ya mtu unayemjua, iliyorekodiwa bila mapambo. Wimbo utakuambia unachokipenda. Mtu unayemjua atakuambia ukweli.

Alikuwa na neno lingine, la mwenye duka aliyewahi kuuza vitambaa: "Nguo iliyokatwa hairudi jora." Maana yake, rekodi uliyotoka nayo vijijini usiikate. Tengeneza nakala, kata nakala. Niliitii kanuni hiyo miaka yote, na mtaona ilivyoniokoa.

Sasa daktari. Daktari Mbwilo ni mtu wa Njombe, alipangiwa kazi Kibondo, akaletwa redioni kwetu kwenye kipindi cha afya. Nilipomvalisha hedifoni zetu za studio alizitoa, akazitazama ndani, akauliza, "Mama, hizi zilitoka meli gani?" Nikajua huyu ni mgonjwa wa ugonjwa wangu. Baada ya kipindi alinionyesha kikebe chake, kimetandikwa sponji kama kikebe cha vifaa vya upasuaji, na ndani yake pea tatu za hedifoni za kuchomeka ambazo mimi nilikuwa nimezisoma tu mtandaoni. Hana gari, hana shamba. Ana hedifoni.

Urafiki wetu ulianzia hapo. Nilipostaafu alianza kuniazima pea moja moja, na mimi nikazipa majina, kwa sababu majina ya kiwandani ni herufi na namba ambazo hata muuzaji hazikumbuki.

Ya kwanza niliiita Shemeji. Besi yake ni nzito na laini, sauti za watu zinatoka na joto, na sauti kali za juu kabisa imezilegeza ili zisikuchome. Shemeji anakusifia chochote utakachompelekea. Kwaya ikiimba vibaya, kwa Shemeji inaimba vizuri. Mvua kwenye bati, kwa Shemeji ni usingizi. Unaweza kuivaa kuanzia asubuhi mpaka jioni na sikio lisichoke.

Ya pili ni Mwalimu wa Zamu. Huyu sauti za juu amezinyanyua. Anakuonyesha kila kosa: mate mdomoni mwa mtangazaji, kiti kilicholia, "s" iliyochomoza kama mwiba. Nyuzi na matoazi kwake vinametameta, na kwa nusu saa unaona hujawahi kusikia vizuri maishani. Baada ya hapo unatafuta dawa ya kichwa.

Ya tatu ni Karani. Karani anaandika kilichosemwa. Haongezi, hapunguzi, hatabasamu. Siku ya kwanza nilimrudishia daktari nikasema, "Hii imepooza." Akacheka, akasema, "Utaitafuta mwenyewe." Kila mtu anayevaa Karani mara ya kwanza anasema hivyo. Weka akilini.

Nilichagua kukaa na Shemeji. Nani hataki shemeji wa namna hiyo nyumbani?

Hapo ndipo alipokuja Anastazia.

Anastazia ni mkulima, anaishi Busunzu kwa mumewe, ila kwao ni Kumsenga. Baba yake, Mzee Nyandwi, alikuwa mpiga zeze ambaye watu walimfuata kutoka vijiji vya mbali. Miaka mingi nyuma nilikwenda kwake na kinasa sauti kidogo cha mkononi, nikamrekodi nyumbani kwake, tukamrusha hewani, akapendwa. Alifariki miaka michache baadaye. Sasa mkewe, Mama Yusta, naye alikuwa amefariki, na misa ya kumkumbuka kwa kutimiza mwaka ilikuwa inakaribia.

Anastazia aliketi sebuleni kwangu akiwa ameshika simu ndogo, hedifoni zake za bei ya chini amezifunga kwenye ncha ya kitenge. Tukasalimiana kwa kirefu, kama tunavyosalimiana, mpaka tukafika kwenye hali za mbuzi.

"Mama Felista," akasema, "wimbo wa baba ninao. Kila mtu anao. Mimi nimekuja kumtafuta mama."

"Mama yako hakuimba siku ile, mwanangu. Hata jina lake hakunitajia."

"Hakusema neno. Lakini nilikuwepo, nilikuwa jikoni na mtoto mgongoni. Alikuwa anampigia baba viganja. Kila ubeti ukiisha, anamwitikia. Kwenye redio hamna. Nimesikiliza mpaka nimechoka. Hamna!"

Nilijua hamna kwa sababu gani. Mimi ndiye niliyekata.

Nieleze, kwa ajili ya ninyi mliokulia mjini. Kwetu, watu wa zamani walimpa mtu heshima kwa viganja. Si makofi ya mkutanoni. Unakunja viganja kidogo, kama unakinga maji, unavigonganisha taratibu, sauti inatoka ya chini, yenye hewa ndani. Mke wa Mzee Nyandwi asingeingilia mazungumzo ya mumewe na wageni wenye mashine, lakini asingeacha pia ubeti wa mumewe uanguke bila kupokelewa. Kwa hiyo alipiga viganja. Mimi ni Muha, nimelelewa humohumo, ningepaswa kujua. Lakini nilikuwa mtu wa studio. Studioni tunafundishwa kwamba wimbo ni wimbo na kilichobaki ni kelele. Mkuu wetu wa vipindi alitaka kitu safi cha dakika nne. Nikaondoa nafasi zote kati ya beti na beti, nikaunganisha, nikasifiwa.

"Nyumbani hatuna sauti yake," Anastazia akasema. "Tuna picha ya kitambulisho, na hata hiyo amekunja uso. Wajukuu wengine waliozaliwa mbali hawakumwona. Nilitaka siku ya misa, tukirudi nyumbani, wamsikie. Hata viganja tu."

Nikamwambia rekodi nzima ninayo. Nguo iliyokatwa hairudi jora, lakini jora nililihifadhi. Nilikuwa na memori kadi zangu zote za kazi katika kopo la kahawa juu ya kabati, kila moja nimeifunga na karatasi yenye jina la kijiji. Nikaitafuta ya Kumsenga, nikaipata, ikafunguka. Anastazia alishika mdomo.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe.

Nilimwambia arudi baada ya wiki. Nikavaa Shemeji, nikakaa na rekodi ile. Mwisho wa kila ubeti, zeze likiwa bado linalia, nilisikia: *du, du*. Mzito, wa joto, mzuri kabisa. Nikafurahi. Nikasema, mama huyu hapa! Nikachagua sehemu zile zote, nikazisogeza mbele kidogo kwa sauti, nikamtengenezea Anastazia nakala. Aliporudi nikamvalisha Shemeji kwa mikono yangu mwenyewe, kama mtu anayemvisha bibi harusi.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akazitoa taratibu, akazifuta vipira vyake vya sikioni kwa kitenge, kwa adabu.

"Asante, mama."

"Umemsikia?"

"Nimemsikia baba," akasema. "Hilo ni zeze lake. Alikuwa na koti lenye vifungo vikubwa, akimaliza ubeti anashusha zeze, kibuyu kinagonga kifungo. Mama alimwambia kila siku akishone kile kifungo pembeni. Hakukishona." Akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. "Mama hayupo humo. Si kitu. Labda hata mimi naota tu kwamba alipiga."

Hilo neno la mwisho ndilo lililoninyima raha. Angeondoka nyumbani kwangu akiwa hana mama kwenye rekodi, na sasa hana hakika hata na kumbukumbu yake mwenyewe. Na sababu ni kwamba fundi mzee alimwamini Shemeji.

Nikamwambia, "Nipe siku tatu." Nikampigia daktari, nikapanda gari kwenda Kibondo, Shemeji nimemtia mkobani.

Daktari alinipokea kwake baada ya kazi. Nikamweleza yote. Akaleta kikebe, akaweka rekodi yangu kwenye kifaa chake kidogo cha kuchezea muziki. Na kwa sababu ninyi ndio ninaowasimulia, nitawaambia tulifanya nini hatua kwa hatua, maana watu wengi hulinganisha hedifoni kama wanavyoonja pombe ya harusi.

Tulianza na vipira, vile vya mpira laini vinavyoingia sikioni. Vikiwa vidogo mno, hewa inavuja na besi inaondoka nayo. Utailaumu hedifoni kumbe kizibo hakijaziba chupa. Chomeka huku mkono wa pili unavuta sikio juu kidogo. Kisha sema neno lolote. Ukisikia sauti yako inavuma kama umeingiza kichwa kwenye tangi tupu, imekaa.

Halafu tukasawazisha sauti. Hapa ndipo wauzaji wanapowapata. Pea inayopiga juu kidogo kuliko mwenzake itaonekana bora, kila mara, hata kama ni mbovu. Daktari alirekebisha mpaka sauti ya Mzee Nyandwi ikawa na nguvu ileile kwa zote tatu. Kisha nikafumba macho, akawa ananipa moja, ananiondolea, ananipa nyingine, sekunde chache tu za sehemu ileile. Sikio lina kumbukumbu fupi kuliko unavyodhani. Ukila chakula katikati ya kubadilisha, umeshasahau.

"Mama, hedifoni zikiwa mpya zinahitaji kuachwa zipige siku kadhaa ndipo zilainike," akasema daktari akinipa kipira kipya cha Karani. Yeye anaamini hivyo.

"Ulipofika Kibondo, ugali wa muhogo ulikuwaje?"

"Mbaya sana."

"Na sasa?"

"Naongezwa."

"Ugali ulilainika, au wewe?"

"Fumba macho, mama," akasema.

Tukasikiliza. Shemeji akanipa *du, du* yake. Mwalimu wa Zamu akanipa mchanga: mvumo wote wa rekodi ile ukaja mbele, kuku akikwangua nje, waya wa zeze ukikata kama wembe. Karani akanipa zeze la ukubwa wake wa kawaida na ukimya. Hamna viganja. Lakini kuna jambo likawa linanisumbua.

"Daktari, Karani wako amekufa upande wa kushoto."

"Hajafa."

"Anaongea kwa mbali. Na huyu Mwalimu pia. Zote. Hata Shemeji, sasa nikimsikiliza vizuri."

Daktari akaniangalia kama anavyowaangalia wagonjwa. "Pea tatu zimeharibika upande uleule, siku moja?"

Nikaona aibu kabla hajamaliza. Kuna kipimo ambacho nimewafundisha vijana wote waliopita studioni: ukihisi upande mmoja una hitilafu, geuza. Cha kushoto kipeleke kulia. Hitilafu ikihama na hedifoni, hedifoni ni mbovu. Hitilafu ikibaki palepale, mbovu ni wewe. Nikageuza Karani. Zikakaa vibaya, maana zimetengenezwa kwa umbo la sikio, lakini zikakaa. Upande wa kushoto ukabaki vilevile, hafifu. Na kwenye sikio langu la kulia, ambalo sasa lilikuwa linapokea sauti ya kushoto, mwisho wa ubeti, nyuma ya kile kifungo cha koti, nikasikia kitu kimeanguka. Kidogo. Kama punje ya harage kwenye ungo.

Nikashika mkono wa daktari. "Rudisha."

Akarudisha. Nikasikia tena.

"Usiseme neno," akasema. "Kwanza nikuone hilo sikio."

Akaleta kurunzi, akachungulia, akapiga mluzi. Sitawaeleza alichotoa humo kwa maji ya vuguvugu na bomba la sindano lisilo na sindano. Nitasema tu kwamba alikiita "kumbukumbu za utumishi wako." Mimi ambaye redio nzima iliniita sikio la Kasulu, nilikuwa nimetembea kwa miezi, labda zaidi, na nta imeziba upande mmoja, nikihukumu hedifoni za watu. Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu kuhusu sauti, nenda ukaangaliwe masikio. Na msichokonoe kwa njiti za kiberiti. Daktari amenituma niwaambie.

Tukarudia upya, kwa masikio mawili. Sasa tabia za zile pea zikajitokeza kama watu wakiingia chumbani taa imewashwa.

Kwa Shemeji, kile kitu kidogo kilizama. Kilikuwepo, lakini kishindo cha kifungo kilikuwa kinene kiasi cha kukikalia. Besi inapopambwa hufunika kilicho karibu nayo, hivyo nilichokipenda kwa Shemeji ndicho kilichonificha. Kwa Mwalimu wa Zamu kilisikika, ila kikavu, kama kijiti kinavunjika, na mvumo wote umekizunguka. Usingejua ni mkono wa mtu.

Karani hakukipamba. Alikiweka tu mahali pake. Kibuyu kiligonga kifungo katikati, karibu, pale alipokaa mzee. Na upande wa kushoto, mbali kidogo, chini, kama mtu aliyekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, viganja. Vilikuwa na hewa ndani. Mara tatu, kimya kifupi, halafu kimoja.

Kinasa sauti changu kilikuwa na maiki mbili, ndiyo maana kilishika kushoto na kulia. Hedifoni nzuri ya kuchomeka inakurudishia nafasi hiyo: nani yuko karibu, nani yuko mbali, nani yuko pembeni. Vijana mnasikiliza besi ina ukubwa gani. Sikilizeni pia chumba kina ukubwa gani. Fumba macho uulizwe, "Nani amekaa wapi?" Ukiweza kunyoosha kidole, hiyo hedifoni inajua kazi.

"Mara tatu, halafu kimoja," nikamwambia daktari. "Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?"

"Usimwambie tu. Sitaki nimwonyeshe Anastazia tena kitu ninachotaka mimi akisikie."

Niliomba Karani, akanipa, akaniachia na Shemeji. "Kwa ajili ya usingizi," akasema.

Sikurekebisha chochote kwenye rekodi ile. Sikukata, sikunyanyua. Anastazia alipokuja nilimkalisha, nikamchagulia vipira vinavyomtosha, nikamwambia avute sikio juu na aseme neno. Akasema, "Mwidiwe," salamu yetu, akashtuka jinsi ilivyovuma kichwani mwake. Nikamwambia, "Sikwambii kitu. Fumba macho, sikiliza upande wa kushoto."

Nikabonyeza. Nilikaa mbele yake. Sikuwa na la kusikia, nilikuwa na la kutazama tu. Ubeti wa kwanza ulipita, uso wake haukubadilika, na mimi nikafikiri nimekosea tena. Ukaja ubeti wa pili. Najua urefu wake kwa moyo. Karibu na mwisho wake nikaona mikono ya Anastazia, iliyokuwa imelala mapajani, inajikunja kama inakinga maji. Kabla wakati haujafika. Hakuna aliyemwambia. Ubeti ukaisha, na viganja vyake vikagongana taratibu: mara tatu. Akasubiri. Kimoja.

Hakufumbua macho mpaka rekodi ilipokwisha. Tangu ule wa pili, alikuwa amepiga kila ubeti.

"Kile cha mwisho," akasema, "ni cha kumwambia baba aendelee. Akikinyima, baba hapigi ubeti mwingine." Akajifuta uso. "Basi sikuwa naota."

"Hukuwa unaota."

Nikamwambia nitamwazima Karani kwa ajili ya misa. Akaitazama, akafikiri, kisha akafungua fundo la kitenge, akatoa hedifoni zake zile za bei ya chini, akazichomeka kwenye simu yake ambako nilikuwa nimemwekea nakala. Nikataka kumkataza. Zile zina besi ya ngoma ya plastiki. Akasikiliza kidogo, akatabasamu, mikono ikajikunja tena.

"Yupo," akasema. "Mlangoni. Na humu yupo."

Nilizivaa mwenyewe kuhakikisha, na kweli alikuwepo, hafifu kama moshi, lakini yupo. Ukishajua mtu amekaa wapi, hata kupitia dirisha chafu unamwona. Hedifoni ya hali ya juu kazi yake ni kukuonyesha alipokaa mara ya kwanza. Ndiyo jibu langu kwa "zipi kali." Kwa safari ndefu na kwa moyo uliochoka, vaa Shemeji. Ukitaka kukagua kazi yako kabla ya wenye wivu kuikagua, nusu saa na Mwalimu wa Zamu. Ukimtafuta mtu, Karani.

Siku ya misa nilialikwa Kumsenga. Wajukuu walizungushiana simu ile uani, hedifoni moja kwa sikio hili, nyingine kwa sikio la mwenzake, na nikawakemea kwa sababu aliyepata upande wa kulia alikuwa anasikia babu tu. "Badilishaneni! Bibi yenu yuko kushoto!" Wakabadilishana. Mmoja ambaye hakumwona bibi huyo kamwe alisikiliza, akauliza, "Anamwambia nani?" Anastazia akamjibu, "Anamwambia babu aendelee."

Mzee Rajabu hayupo tena kunisahihisha, lakini kaseti ya mama yake wanawe waliitunza. Nimeihamishia kwenye simu, na kila hedifoni ninayoshikishwa bado naianzia hapo. Umekula, Rajabu? Dukani siku hizi hakuna benchi, kwa hiyo naitika peke yangu.

Ninyi hamna kaseti. Basi fanya hivi, leo, kabla ya kununua chochote. Nenda alipo mtu wa nyumbani kwenu anayefanya kazi ya mikono, kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, chochote. Weka simu yako hatua moja kutoka kwake, juu ya kitambaa ili isitetemeke. Bonyeza kurekodi. Usimwombe aimbe. Muulize amekula nini, halafu nyamaza, umwache aendelee na kazi yake kwa dakika tano. Tengeneza nakala, na ile ya kwanza usiikate.